Usiisugue Sarafu Kongwe ya Shaba: Namna ya Kutambua Hali na Uhalisi Wake

Wananchi wanaolima, wanaochimba misingi ya nyumba au wanaotembea katika fukwe za Mwambao bado huokota sarafu za shaba za zamani. Nyingi kati ya hizo huharibika siku ileile zinapookotwa. Husuguliwa kwa majivu, ndimu au ukwaju, kama zisuguliwavyo sufuria, mpaka zing'ae. Usafi huo huondoa sehemu kubwa ya thamani ya sarafu na hufuta alama ambazo mtaalamu angezitumia kuthibitisha kwamba ni halisi.

Shaba inapokutana na hewa na unyevu hujijengea utandu mwembamba. Utandu huo huanza kwa rangi ya hudhurungi, na sarafu iliyokaa ardhini miaka mingi huweza kuwa ya kijani au kukaribia weusi. Huo si uchafu. Umetokana na shaba yenyewe, umeshikamana nayo na huikinga isiendelee kulika. Utandu wa kweli hufuata mwinuko wa kila herufi, nao haubanduki kwa urahisi. Rangi ya kijani iliyopakwa ili kuzeesha sarafu mpya, kwa upande mwingine, hujikusanya katika mabonde ya maandishi na mara nyingi hutoka kwa pamba iliyoloweshwa maji.

Kuna kijani kimoja tu cha kuogopwa: unga laini, mpauko, unaojitokeza kwa madoa na kurudi hata ukipanguswa. Huo ni ugonjwa wa shaba, unaosababishwa na chumvi iliyopenya ndani ya sarafu na kuamshwa na unyevu, jambo la kawaida kwa vitu vilivyotoka karibu na bahari. Sarafu yenye dalili hiyo hutengwa na nyingine, huwekwa mahali pakavu na kupelekwa kwa mtaalamu. Siki na ndimu huizidishia uharibifu.

Kuhusu uhalisi, mfano mzuri ni pesa ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyotolewa kati ya mwaka 1890 na 1892. Upande mmoja una tai na jina la kampuni kwa Kijerumani. Upande wa pili una maandishi ya Kiarabu. Kila upande una mwaka wake, wa Miladia na wa Hijria, na miaka hiyo haina budi kuafikiana: 1890 huenda na 1307, 1891 na 1308, 1892 na 1309. Mghushi asiyesoma tarakimu za Kiarabu hukwama hapo. Baada ya miaka hufuata mizani ya sonara. Pesa halisi ina uzito wa takribani gramu 6.5 na kipenyo cha milimita 25. Kuchakaa hupunguza uzito kidogo, lakini tofauti ya gramu nzima au zaidi inahitaji maelezo.

Uso wa sarafu nao husema mengi. Sarafu halisi ya aina hii ilipigwa chapa kwa mashine, hivyo herufi zake zina kingo kali na uwanja wake ni laini. Bandia nyingi husubiwa kwa kumimina shaba iliyoyeyushwa katika kalibu, nazo hubaki na vitundu vidogo, herufi zilizovimba, na ukingo wenye mshono au alama za tupa iliyotumika kuuficha mshono huo. Kioo cha kukuzia kinatosha kuyaona haya. Sumaku husaidia upande mmoja tu: sarafu inayovutwa si ya shaba bali ni chuma kilichopakwa, lakini isiyovutwa bado haijathibitishwa.

Hali ya sarafu hupimwa kwa kutazama sehemu zilizoinuka zaidi, kwa kuwa ndizo huanza kulika. Katika pesa hutazamwa manyoya ya kifua cha tai. Katika heller, iliyochukua nafasi ya pesa kuanzia mwaka 1904, hutazamwa taji. Manyoya yakifutika kwa kuchakaa, mahali pake huwa laini na pa mviringo, na maandishi ya kando hufifia pia.

Hata hivyo, ubaya wa umbo peke yake hauthibitishi ughushi. Mwaka 1916, wakati vita vimeikatia koloni njia ya kuletewa fedha kutoka Ujerumani, sarafu za heller 20 zilipigwa Tabora katika karakana ya reli, kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya njano. Mihuri ilichongwa kwa haraka. Ukubwa wa taji hutofautiana, hata mikia ya herufi L haifanani. Mtu asiyejua historia hiyo angezitupa sarafu halisi za Tabora na kununua nakala iliyo nadhifu kuliko zenyewe.

Matapeli hunufaika na kutojua huko. Imani kwamba kila sarafu ya Mjerumani ni "rupia" yenye mamilioni ndani yake imewagharimu watu akiba zao. Rupia ya Kijerumani ilikuwa ya fedha, yenye uzito wa gramu 11.66. Anayeuza kipande cha shaba kwa jina hilo ama hajui au anadanganya. Pesa na heller zilitengenezwa kwa mamilioni, na nyingi zilizochakaa huuzwa kwa bei ndogo.

Sarafu za masultani wa Kilwa ni suala jingine. Zile za Ali bin al-Hasan, wa takribani karne ya 11, hazina mwaka. Zina jina la mtawala upande mmoja na maneno ya kumtukuza Mungu upande wa pili, yenye vina vinavyooana na upande wa kwanza. Kwa kukosa mwaka, mahali zilipookotwa ndipo panapobeba nusu ya maelezo yake. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, akatia alama ya mahali hapo katika ramani. Alama hiyo ndiyo iliyowawezesha watafiti kurudi huko miongo kadhaa baadaye.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvihesabu vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya mwaka 1863 kuwa malikale. Anayevigundua anapaswa kutoa taarifa, na kuvichimba au kuvisafirisha nje ya nchi kunahitaji kibali. Zanzibar ina sheria yake yenyewe. Aliyeokota sarafu ya aina hiyo aiache na udongo wake, aitie katika bahasha ya karatasi kavu badala ya mfuko wa plastiki, aandike mahali, kina na tarehe, kisha atoe taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale, makumbusho au uongozi wa serikali ulio karibu naye.