Imbwa ameuma jirani: nani atalipa?

Kila mutu anayepita katika kartie zetu za Lubumbashi anajua kile kibao juu ya mulango: « Attention, chien méchant ». Mwenye lupango anaona kibao kimemaliza kazi yote. Imbwa akiuma mutu, yeye atajibu: « Niliandika pa mulango, haujue kusoma? »

Mama mumoja wa Katuba alikuja kutuona. Mutoto wake wa miaka 7 alitumwa chumvi kwa duka. Imbwa wa jirani akatoka kwa tundu la lupango na kumuuma muguu. Jirani mwenyewe si mutu mubaya. Usiku ule ule alikuja kuomba samahani, akaleta franka za dawa, pamoja na karatasi: mama asaini kwamba maneno yameisha. « Nisaini? » mama akatuuliza. « Ni jirani yangu, batoto betu banasoma pamoja. »

Tulimwambia: mama, ngoja kwanza.

Sheria yetu juu ya jambo hili ni ya zamani sana, imetoka mwaka 1888, na ingali inafanya kazi. Katika kitabu cha tatu cha code civil, kifungu 261 kinasema kwamba mwenye munyama, ao yule anayemutumia wakati anamutumia, ndiye anajibu kwa hasara munyama aliyoleta. Anajibu kama alikuwa anamuchunga, anajibu vilevile kama munyama alipotea ao alitoroka. Kwa hiyo kusema « alinitoroka » hakuponyi mutu. Ukimwazima rafiki imbwa wako alinde depo yake, siku zile ni rafiki anajibu.

Na kibao je? Mutu akiruka ukuta usiku ili aibe, ao akimuchokoza imbwa kwa fimbo, juji ataangalia kosa lake pia. Lakini mutoto anayepita njiani na chumvi yake, kosa lake ni gani?

Tena kuna code pénal. Vifungu 52 na 54 vinamugusa mutu aliyeumiza mwenzake bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu: kifungo cha siku 8 mpaka mwaka 1, na faini, ao kimoja cha hivyo viwili. Tundu la lupango ambalo kila mutu wa avenue analijua, ni vigumu kusema haukuliona.

Sasa turudi kwa karatasi. Ubaya wake ni saa iliyoandikwa. Ugonjwa wa « la rage » ukishaonyesha alama zake, karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana kidonda kinaoshwa mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15, na mutu anaenda kwa hospitali siku ile ile. Sindano zinagawanywa kwa majuma, si siku moja, na kila safari ni pesa. Nani anajua hesabu usiku wa kwanza? Ukisha kusaini kwamba yameisha, kudai tena kunakuwa kazi kubwa.

Imbwa naye asiuawe kwa hasira kama anaweza kufungwa. Anaangaliwa siku 10. Akibaki muzima, hiyo ni habari njema. Lakini musingojee siku hizo ndipo muanze sindano.

Shuhuda aandikwe jina, karatasi ya munganga na risiti zitunzwe, na karte ya vaksini ya imbwa iombwe. Shefu wa kartie anaweza kuwapatanisha. Akishindwa, kuna tribunal de paix.

Mama alirudi kwa jirani na karatasi yake. Wakafuta « yameisha », wakaandika kwamba atalipa mpaka sindano ya mwisho, risiti kwa risiti. Jirani alitia bati kwa tundu. Sindano ingine ni juma ijayo.