Usalama Kwanza, Simulizi Baadaye

Ukiifuata barabara ya Port Bell kutoka katikati ya Kampala kuelekea ziwani, utakuta gereza la Luzira, kiwanda cha bia, na gati ambako mabehewa ya mizigo hupakiwa melini kwenda Mwanza. Si mbali na hapo ipo Butabika, hospitali ya taifa ya rufaa ya magonjwa ya akili, iliyofunguliwa mwaka 1955. Miaka ya 1920 wagonjwa wa akili nchini Uganda walikuwa wakihifadhiwa katika gereza la Hoima. Kwa hiyo ujirani wa tiba na kifungo hapa nchini ni wa zamani, na wagonjwa wanauhisi. Mtu mwenye kiwewe akipita geti lenye askari, akaamriwa kukaa na kusubiri jina lake liitwe, mwili wake unaweza kukumbuka mahabusu kabla mtaalamu hajamsalimia.

Kiwewe ni jeraha linaloachwa na jambo lililomzidi mtu nguvu: vita, ubakaji, mateso, ajali, vipigo vya utotoni. Ubongo wa aliyepitia hayo huwa kama mbwa mlinzi aliyewahi kuvamiwa usiku, ambaye tangu hapo hubwekea hata nyayo za jirani. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, na uwezo wa kupanga maneno na kufuatisha matukio hupungua. Ndiyo maana manusura husimulia vipande vipande, husahau tarehe, hucheka pale unapotarajia alie, au hunyamaza kabisa. Asiyelijua hili humwita mwongo.

Mwaka 1992 Judith Herman, daktari wa akili wa Marekani, alieleza kuwa kupona kuna hatua tatu: kuwa salama, kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi katika maisha pamoja na watu. Wengi wetu katika kazi ya kutibu kiwewe huivuka hatua ya kwanza kwa haraka. Tunataka kusikia kisa. Lakini kumfungua mtu kidonda asichoweza kukifunga ni kumuumiza mara ya pili, hata kama nia ni njema.

Usalama hujengwa kwa mambo madogo. Mteja achague kiti, na mlango auone. Aambiwe mwanzoni mazungumzo yatachukua muda gani, nini kitaandikwa na nani atakisoma. Aombwe ruhusa kabla ya kushikwa bega. Ajue kwamba akisema “leo tuishie hapa”, tutaishia hapo, wala hatachukuliwa kuwa mkaidi.

Lugha nayo ni sehemu ya usalama, na Uganda inatufundisha hilo kuliko nchi nyingine. Kwa mkimbizi kutoka Bukavu au Goma, mashariki mwa Kongo, Kiswahili ni lugha ya nyumbani, ya mama na ya soko. Kwa mzee wa Kampala aliyeishi enzi za Idi Amin, huenda ni lugha ya mwanajeshi kwenye kizuizi cha barabarani, anayeuliza kitambulisho huku kaelekeza bunduki. Mtaalamu akimpokea kila mtu kwa Kiswahili kwa kuamini kuwa ni lugha ya wote, mmoja atajisikia kapokewa na mwingine atajisikia kakamatwa. Dawa ni kuuliza: “Ungependa tuzungumze lugha gani?” Na mkalimani akihitajika, mteja aulizwe kama anamridhia. Mkalimani anayetoka kijiji kimoja naye anaweza kuwa faraja, au anaweza kuwa ndiye mtu ambaye mteja hataki kabisa asikie.

Kumuuliza mtu badala ya kumdhania ndiko kujumuisha, na hilo halihusu lugha tu. Fikiria wanaume wa Kongo waliobakwa vitani. Refugee Law Project, mradi wa sheria kwa wakimbizi ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1999, umefanya kazi kubwa kuwatoa watu hawa katika kimya. Mwanamume kama huyo akifika kliniki ambayo mabango yake yote yanazungumzia wanawake tu, atasema amekuja kwa ajili ya maumivu ya mgongo, apewe vidonge, aende zake. Kwa wapenzi wa jinsia moja hofu ni kubwa zaidi. Kifungu cha sheria ya Uganda ya mwaka 2023 dhidi ya ushoga kiliwataka watu wawaripoti. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu hicho, ingawa sehemu kubwa ya sheria ilibaki. Hivyo ahadi ya usiri lazima itolewe kwa maneno ya wazi, pamoja na mipaka yake.

Kutanguliza usalama hakumaanishi kuahirisha simulizi milele. Katika kambi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, wakimbizi waliopewa mafunzo waliwatibu wenzao kutoka Rwanda na Somalia kwa njia ya masimulizi, na matokeo mazuri yakachapishwa mwaka 2008. Katika njia hiyo mtu hutandaza kamba sakafuni: ndiyo maisha yake. Pale palipokuwa na furaha huweka ua, pale palipokuwa na msiba huweka jiwe. Kisha husimulia kwa mfuatano, jiwe kwa jiwe, msikilizaji akiwa kando yake. Kamba huanzia kuzaliwa, na ncha yake huachwa imekunjwa kwa sababu maisha bado yanaendelea. Hapo mtu huona kwamba siku ile mbaya ina mahali pake, ina kabla na ina baada.

Nakivale inathibitisha pia kwamba ujuzi huu si mali ya madaktari peke yao. Muuguzi, mwalimu, askari magereza na mwenyekiti wa mtaa wanaweza kujifunza kuuliza kwa upole na kutolazimisha jibu. Nawe unayetafuta msaada, una haki ya kuuliza kabla hujasimulia lolote: nani atajua nitakayosema, na naweza kusimama nikichoka? Mtaalamu wa kweli atajibu bila kukereka. Asiyeweza kujibu hajawa tayari kubeba habari yako, basi usimpe.