Gitaa la Roki: Pendekeza Usiku Mmoja, Si Jina

Mtu akiuliza mbele ya wapenzi wa roki aanze kumsikiliza mpiga gitaa gani, majina humiminika. Jimi Hendrix, Jimmy Page, Eric Clapton, Eddie Van Halen, David Gilmour. Huyu anamtaja wake, yule anampinga, wa tatu analeta orodha ya magwiji mia moja aliyoisoma mahali, na muulizaji anaondoka na majina asiyojua pa kuyapeleka. Akifika nyumbani anatafuta jina la kwanza kwenye simu, anaangukia wimbo wowote uliojitokeza, anasikia kelele zisizo na mlango wa kuingilia, anafunga. Anabaki akiamini kwamba roki si muziki wake.

Mimi hufundisha gitaa, na swali hilo huletwa na karibu kila mwanafunzi aliyelelewa kwenye dansi au injili. Jibu langu huwa ni usiku mmoja: bendi fulani, ukumbi fulani, na dakika ya kutegea sikio. Nina sababu ya kitaalamu ya kujibu hivyo. Ala ya roki si gitaa peke yake. Ni gitaa, amplifaya, spika na ukumbi vikifanya kazi kwa pamoja, na mahali vinapokutana vyote ni jukwaani.

Gitaa la umeme lisipochomekwa popote husikika kwa shida hata chumba cha pili. Vinasa sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi hugeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme mdogo sana, na kazi ya amplifaya ni kuukuza. Amplifaya nyingi za miaka ya 1960 zilitumia vali, vile vichupa vya kioo vinavyotoa mwanga hafifu vikishapata moto. Ukizidai nguvu kupita uwezo wake, vilele vya wimbi la sauti hukatwa, na pale panapokatwa huzaliwa sauti nyingine za juu ambazo mpigaji hakuzipiga. Noti inanenepa na kukwaruza. Tena inadumu, kwa sababu hata uzi ukianza kufifia amplifaya bado imeelemewa na inaendelea kuitoa noti kwa ukubwa uleule. Waliozitengeneza mashine hizo waliiona hali hiyo kuwa kasoro. Wapigaji waliona wamepewa ala mpya: uzi uliopigwa mara moja sasa uliweza kuimba kwa pumzi ndefu kama zumari.

Hapo ndipo sikio letu linapokwama. Mtu aliyekua na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, au Franco wa TP OK Jazz, amezoea gitaa safi. Kila noti inasimama peke yake, na utamu wa sebene unatoka kwenye noti nyingi fupi zinazofuatana na kupishana bila kugongana. Ukiipitisha sebene kwenye amplifaya iliyoelemewa, noti hizo zitavurugana zisieleweke, kwa kuwa kila moja inagoma kunyamaza ili mwenzake apite. Kwa hiyo wapigaji wa roki walibadilisha mkono. Kodi zao, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, wakazipunguza mara nyingi zikabaki sauti mbili tu, ya msingi na ya tano yake, maana mbili hizo ndizo zinazovumilia kukwaruzwa. Na kwenye solo wakahamisha ufundi kutoka kwenye wingi wa noti kwenda kwenye kile kinachoifika noti baada ya kupigwa: inavutwa hadi wapi, inatikiswa kwa kasi gani, inaachwa ife lini. Anayesikiliza roki akihesabu noti anapishana na muziki wenyewe.

Usiku wa kwanza ninaoupendekeza ni wa tarehe 1 Januari 1970, ukumbi wa Fillmore East, New York. Jimi Hendrix yuko na Billy Cox kwenye besi, rafiki aliyekutana naye jeshini, na Buddy Miles kwenye ngoma. Walipiga maonyesho manne ndani ya siku mbili, na albamu iliyotoka humo, Band of Gypsys, ilitolewa kulipa deni la mkataba wa zamani ambao Hendrix aliusaini kabla hajajulikana. Anayeisikia hawezi kudhani kwamba ilizaliwa kwa shinikizo la mawakili. Sogea hadi kwenye "Machine Gun", wimbo wa dakika zaidi ya kumi na mbili ambao Hendrix anautoa kwa wanajeshi walioko Vietnam na kwa wanaopigana katika miji ya Marekani kwenyewe.

Karibu na dakika ya nne, baada ya ngoma na gitaa kuigiza mfululizo wa risasi, Hendrix anapanda noti moja ya juu na kukaa nayo. Haifi. Hapo inafanyika kazi ambayo kila aliyewahi kuhudhuria harusi anaifahamu kwa upande wake mbaya, pale mshereheshaji anaposogeza maikrofoni karibu na spika na ukumbi mzima ukaziba masikio. Sauti ya spika inautikisa uzi, uzi unarudisha umeme kwenye amplifaya, amplifaya inautia spika nguvu mpya, na mzunguko unaendelea. Tofauti ni kwamba Hendrix anauongoza mzunguko huo. Akisogea hatua moja, akigeuza bega, akikandamiza mkono wa kutikisia nyuzi, noti inapanda, inayumba, inageuka kilio. Sikiliza sekunde hizo kwa spika za masikioni zilizo bora kiasi, si kwa spika ya simu, maana spika ya simu haiwezi kutoa besi ya Cox, na bila besi ile kilio hakina ardhi ya kusimamia. Kwangu mimi hakuna noti moja ya gitaa la umeme inayoizidi hiyo.

Lakini si kila mtu aanzie hapo. Pendekezo linamtazama mtu, na mpenzi wa dansi anayeyapenda magitaa yanayosemezana nampeleka ukumbi uleule, mwaka uliofuata. The Allman Brothers Band, kundi la kutoka kusini mwa Marekani, lilirekodi At Fillmore East mwezi Machi 1971 chini ya mtayarishaji Tom Dowd. Bendi hiyo ilikuwa na wapiga ngoma wawili, na magitaa mawili ya solo: Duane Allman na Dickey Betts. Mwenye sikio la solo na solo la pili atajisikia yuko kwao. Katika "In Memory of Elizabeth Reed", wimbo usio na maneno ambao Betts aliupa jina aliloliona kwenye kaburi mjini Macon, Georgia, magitaa yanaanza kwa kwenda pamoja, moja juu ya jingine kwa mpishano uleule wa sauti, kisha yanaachana na kila moja linaenda safari yake huku lingine likishika rithimu. Kwenye "Statesboro Blues" Allman anateleza juu ya nyuzi kwa kichupa cha dawa ya mafua alichokivaa kidoleni, na kwa kuwa kichupa hakifungwi na vipande vya chuma vya shingo ya gitaa, anazifikia sauti zilizo katikati ya noti mbili, kama vile koo la mwimbaji linavyozifikia. Alifariki kwa ajali ya pikipiki Oktoba mwaka huohuo, akiwa na miaka 24.

Anayecheza rithimu kanisani au kwenye bendi ya hoteli ana haki ya kupewa kitu chake pia, na wapenzi wengi wa roki humsahau kwa kuwa wanawaza solo tu. Huyo mpe albamu ya The Who, Live at Leeds, iliyorekodiwa tarehe 14 Februari 1970 kwenye ukumbi wa chakula wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi hiyo, hana gitaa la pili la kumsaidia. Anajaza nafasi yote kwa kodi, anazikata ghafla, anaacha ukimya, anarudi. Albamu ya awali ina nyimbo sita. Toleo lililopanuliwa la 1995 lina kumi na nne. Mgeni nampa zile sita.

Kuna jina moja ambalo msomaji wa Kiswahili analingoja. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964. Kila anayependekeza Queen, bendi yake, hutaja onyesho la Live Aid la Julai 1985, uwanja wa Wembley, na kwa sauti ya Mercury na namna alivyoushika umati sina neno. Ila kwa gitaa la Brian May zile dakika ishirini na ushei ni chache mno. Nenda kwenye albamu ya Live Killers ya 1979 usikilize "Brighton Rock". May anapiga kipande kifupi, mashine ya mwangwi inakirudia baada ya muda aliouchagua, naye anapiga kipande kingine juu ya kile kinachorudi, kisha mwangwi wa pili unaleta cha tatu. Mtu mmoja anakuwa kwaya, na kila mwangwi una amplifaya yake ili sauti zisichafuane. Gitaa lenyewe alianza kulitengeneza na baba yake mwaka 1963, shingo ikitokana na mbao za jiko la zamani la kuotea moto na springi za mkono wake wa kutikisia nyuzi zikitoka kwenye injini ya pikipiki, na nyuzi huzipiga kwa sarafu ya peni sita ya Uingereza badala ya kipande cha plastiki. Ukingo wa sarafu unaukwangua uzi kidogo kabla ya noti kutoka. Ukishaujua mkwaruzo huo utamtambua May ndani ya noti mbili.

Wapenzi wa roki wanapotaja mizizi, wengi huishia kwa wanaume wa Chicago waliopiga bluzi. Wamtaje na Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa injili wa Marekani aliyekuwa akipiga gitaa la umeme kwa kishindo kabla roki haijaitwa roki. Picha zake za Mei 1964 zipo: kituo cha treni kisichotumika tena mjini Manchester, mvua imetoka kunyesha, watazamaji wamekaa jukwaa la upande wa pili wa reli, naye amevaa koti zito na gitaa jeupe begani. Mwenye masikio ya injili aanzie kwake. Hatahitaji maelezo yangu. Anayetaka kitu cha jirani zetu ashuke Zambia, ambako katikati ya miaka ya 1970 bendi ya WITCH, ikiongozwa na Emanuel "Jagari" Chanda, ilitoa albamu ya Lazy Bones!! ya 1975. Hiyo ni ya studio, lakini gitaa lake lililokwaruzwa halifichi kitu.

Neno kuhusu uaminifu wa albamu hizi. Si kila iitwayo ya jukwaani ilitoka yote jukwaani. Live and Dangerous ya Thin Lizzy, ya 1978, inasifiwa sana na mimi naipenda, lakini mtayarishaji wake Tony Visconti alisema sehemu kubwa ilirudiwa studio, jambo ambalo wanamuziki wenyewe walilibishia. Kwa upande mwingine Made in Japan ya Deep Purple, iliyorekodiwa Osaka na Tokyo Agosti 1972, inaheshimiwa kwa kuachwa jinsi ilivyopigwa. Gitaa la Ritchie Blackmore na kinanda cha Jon Lord vinafukuzana humo, kinanda nacho kikipitishwa kwenye amplifaya ya gitaa, hata mara nyingine inakubidi usikilize mara ya pili ujue nani ni nani. Anayependekeza albamu ya jukwaani aseme na hilo, ili anayejifunza kupiga asijilaumu kwa kushindwa kufikia usafi uliopatikana kwa kurudia studio.

Na siku utakapopata tiketi ya onyesho lenyewe, usikimbilie mbele kabisa. Mbele unasikia amplifaya moja iliyokuelekea na ngoma, huku mwimbaji akipotea, kwa sababu spika kubwa za ukumbi zimeelekezwa juu yako na kukupita. Simama karibu na meza ya fundi mitambo, kwa kawaida katikati ya ukumbi kuelekea nyuma. Sauti ya onyesho zima inapangwa na masikio ya mtu aliyesimama pale, kwa hiyo pale ndipo gitaa, besi na sauti hukaa kwenye uwiano uliokusudiwa. Beba na vizibo vya masikio. Townshend aliharibu masikio yake kwa miaka ya muziki wa sauti kubwa, na amelizungumza jambo hilo hadharani mara nyingi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sauti ya kumbi isizidi wastani wa desibeli 100 kwa kila dakika 15, lakini si kila ukumbi una kifaa cha kupimia. Kizibo cha mpira kinachotengenezwa kwa wanamuziki hupunguza ukubwa wa sauti bila kuufifisha sana mlio wa gitaa, tofauti na pamba, ambayo huziba noti za juu na kukuachia mvumo wa besi. Kama masikio yanavuma asubuhi ya pili, safari ijayo rudi nyuma zaidi.