Nilijitengenezea Msimamizi wa Madirisha, Rumeti Akashindwa Kufungua Hata Moja

Kompyuta yangu ina RAM ya GB 2. Niliinunua mtumba kwa bumu la mwaka wa kwanza, na kwa muda mrefu kazi yake kubwa ilikuwa kunisubirisha. Unaiwasha, unakwenda kuoga, unarudi, bado inawaza. Mwaka jana niliondoa Windows, nikaweka Linux aina ya Debian bila mapambo yoyote, kisha nikafanya jambo ambalo wenzangu hosteli wananicheka mpaka leo: niliandika mwenyewe programu ya kupanga madirisha kwenye skrini. Nimeulizwa mara nyingi ni kitu gani hasa, basi acha nieleze.

Kwenye mashine yangu, kinachoonekana kwenye skrini si kazi ya programu moja. Kuna X, mfumo ulioanzishwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984. Wenyewe unachora na kupokea unachobonyeza, basi. Dirisha likae wapi, kubwa kiasi gani, hayo hauyajali. Anayeamua ni programu nyingine, msimamizi wa madirisha. Akianza kazi anauambia X: programu yoyote ikitaka kufungua dirisha, nijulishe mimi kwanza. Ruhusa hiyo hupewa mmoja tu kwa wakati mmoja. Wa pili akiiomba, anakataliwa.

Wasimamizi tuliowazoea huacha madirisha yalaliane kama karatasi mezani, unayasogeza kwa kipanya. Wangu ni wa aina nyingine. Kama umewahi kufika Kwihara, nje kidogo ya mji wetu wa Tabora, kwenye tembe alilokaa Livingstone, utanielewa haraka. Tembe ni vyumba vilivyozunguka ua. Kila chumba kina kuta zake, hakuna kinacholalia kingine, na hakuna nafasi ya bure katikati ya chumba na chumba. Skrini yangu iko hivyo.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Skrini ina pikseli 1366 kwa 768. Dirisha likiwa moja, linachukua yote. Yakiwa mawili, kila moja linapata upana wa 683. La tatu likija, la kushoto halisogei. La kulia linakatwa juu na chini, 384 kila upande. Ukifunga moja, yaliyobaki yanagawana nafasi. Yote haya kwa kibodi, bila kugusa kipanya.

Sikuyatoa kichwani mwangu tu. Kuna msimamizi anaitwa dwm, aliyetoka mwaka 2006, ambaye waandishi wake walijiwekea sharti asizidi mistari 2,000. Nilimsoma kama unavyosoma daftari la mtu aliyekutangulia darasa, kisha nikaandika wangu kwa Python, mistari kama 340. Mashine ikapumua. Ila nisikudanganye, ukifungua kivinjari chenye kurasa kumi, RAM inaisha vilevile. Msimamizi mwepesi haupunguzi mzigo wa programu nyingine.

Makosa yalikuja mapema. Niliandika faili la kuwashia ambalo mstari wake wa mwisho ulikuwa kumwita msimamizi. Maana yake, akifa yeye, X nao unazima, na kila kitu kilichofunguliwa kinakwenda naye. Alikufa usiku mmoja nikiwa kwenye andalio la somo la mazoezi ya kufundisha. Kurasa nne, sijahifadhi. Nilikaa gizani nikitazama maandishi meupe kwenye skrini nyeusi. Siku hizi faili hilo lina mzunguko: akifa anaamshwa tena, anayakuta madirisha yapo, anayapanga upya.

Kosa kubwa zaidi halikuwa la programu, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Jumamosi moja nilikwenda Kwihara na wenzangu wa Historia. Tukasimuliwa jinsi Livingstone alivyokaa pale mwaka 1872, karibu miezi mitano, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Njia ya misafara ilikuwepo, mizigo ilikuwepo, lakini bila watu wa kuibeba hakuna safari. Tukiwa bado uani, simu ikaita. Rumeti. Kompyuta yake imegoma, asaimenti inafungwa saa kumi jioni, ameifungua ya kwangu.

"Kaka, mbona nyeusi tu? Hakuna hata kitufe cha kubonyeza!"

"Shika ile yenye alama ya Windows, pamoja na Enta."

"Imetokea kitu cheusi kingine."

Nilimwelekeza mpaka mtandao ukakata. Kwangu zile ni hatua tatu za sekunde moja. Kwake lilikuwa pori. Alituma saa kumi na nusu, alama zikakatwa. Hakunigombeza. Jioni aliniambia tu, "Wewe si unasomea ualimu?"

Neno hilo lilinichoma. Miaka mitatu nafundishwa kwamba somo halijafundishwa kama mwanafunzi hajaelewa, halafu najenga kitu ambacho mtu mwenye akili timamu anakikalia mbele asijue pa kuanzia. Nilikiita chepesi, kumbe uzito wote niliuhifadhi kichwani mwangu.

Wiki hiyo niliongeza mistari ishirini hivi. Ukibonyeza F1, yanatokea maelezo kwa Kiswahili: kufungua kivinjari, kufungua maandishi, kuhama dirisha, kufunga. Si wazo geni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili tangu 2004. Na skrini ikiwa tupu, yanatokea maneno mawili: "Bonyeza F1". Mtihani wangu ulikuwa rahisi: rumeti akae, mimi nikae kitandani mikono mfukoni, nisiseme kitu. Mara ya kwanza alikwama kwenye kufunga dirisha, nikarekebisha maelezo. Mara ya pili alimaliza.

Ukitaka kujaribu, anza na msimamizi aliyekwisha tengenezwa, kama i3, umzoee kwanza. Hifadhi kazi yako kila dakika. Na kabla hujatamba hosteli kwamba umetengeneza chako, mwite jirani akikalie. Wangu bado ana tatizo moja: projekta ya ukumbini hajui kuipanga, na prezentesheni yangu ni wiki ya tisa. Rumeti ameniahidi kompyuta yake, keshaitengeneza.