Kimeo Hakina Kosa, Tazama Kifua

Mtoto akikohoa siku ya tatu bila nafuu, hakosi shangazi au jirani wa kusema, "Huyo kimeo kimemshuka, mpelekeni akakatwe." Asubuhi anabebwa mgongoni hadi kwa mkata vimeo, anafunguliwa kinywa, wembe unapita. Kama kikohozi kilikuwa cha mafua tu, kitaisha chenyewe baada ya siku kadhaa na fundi atapata sifa. Kama kilikuwa cha nimonia, siku za matibabu zimepotea, na juu ya hapo mtoto ana kidonda kinachoweza kumwaga damu nyingi au kuingiza vijidudu.

Mtaani neno hili limekuwa jina la kila kitu kibovu: simu kimeo, gari kimeo. Chenyewe, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, si kibovu hata kidogo. Unapomeza, hunyanyuka pamoja na kaakaa laini na kuziba njia ya kwenda puani. Ndiyo maana chai haikutokei puani, labda mtu akuchekeshe katikati ya funda.

Nyuma yake kuna njia panda. Hewa na chakula hupita pamoja kwenye koromeo, kisha huachana: hewa mbele kupitia zoloto, chakula nyuma kupitia umio. Anayelinda hapo ni kidakatonge, kifuniko cha gegedu kilicho juu ya zoloto. Gusa shingo yako umeze mate. Utasikia zoloto likipanda. Wakati huohuo kidakatonge kinalalia mlango wa hewa, na pumzi inasimama kidogo. Ukiongea huku unatafuna, mlango unakutwa wazi, punje ya wali inapenya, unapaliwa. Macho yanatoka machozi na watu wanakucheka, lakini kile kikohozi kinakuokoa.

Kisipofanikiwa, punje hutelemka kwenye bomba la hewa, ambalo kwa mtu mzima lina urefu wa sentimita 10 hadi 12. Limeimarishwa kwa pingili za gegedu zenye umbo la herufi C, uwazi wake ukielekea nyuma, kwenye umio. Chini linagawanyika matawi mawili. Tawi la kulia ni pana zaidi na limesimama wima zaidi, kwa hiyo karanga iliyopotea njia mara nyingi hukutwa upande huo. (Anayempa mtoto wa miaka 2 karanga nzima aikumbuke njia hii.) Pafu la kulia lina sehemu 3, la kushoto 2, maana limegawana chumba na moyo.

Kuta za matawi hayo zina ute unaonasa vumbi na vijidudu, na vinyweleo vidogo mno vinavyousukuma ute huo kuelekea juu, saa zote, hata ukiwa umelala. Moshi wa kuni na wa sigara huvilemaza. Kazi ikivishinda vinyweleo, kikohozi kinachukua zamu. Kukilaumu kimeo kwa kikohozi ni kama kumlaumu mlinzi wa getini kwa sababu ndani kunafagiliwa.

Wengi hudhani pafu ndilo linalovuta hewa. Halina msuli wa kujitanua. Limekaa kama sifongo, likivutwa na wengine. Msuli mkuu wa kazi hiyo ni kiwambo, ulio kama bakuli lililopinduliwa kati ya kifua na tumbo. Ukikaza unashuka na kuwa bapa, mbavu zinanyanyuka, nafasi ya kifua inaongezeka na hewa inaingia. Ukilegea, hewa inatoka. Kwikwi ni kiwambo hichohicho kikikaza ghafla bila kuombwa. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kila mara akivuta kama nusu lita.

Matawi huendelea kugawanyika, karibu mara 23, hadi yafike kwenye vifuko hewa. Viko mamia ya mamilioni. Vyote vikitandazwa vingefunika kama mita za mraba 70, pungufu kidogo ya nusu ya uwanja wa mpira wa wavu. Ukuta kati ya hewa na damu ni mwembamba kuliko sehemu 1 ya 1,000 ya milimita. Hapo oksijeni inavuka kuingia kwenye damu, na kabonidayoksaidi inarudi ikatolewe nje. Hewa uliyovuta ina oksijeni asilimia 21; unayoitoa bado ina kama asilimia 16.

Nimonia huvijaza vifuko hivyo maji na usaha. Oksijeni ikikosa pa kuvukia, ubongo unaamuru pumzi ziongezwe, na hilo halihitaji kipimo cha hospitali kulitambua. Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka: mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi 2 hadi 11 mara 50 au zaidi, wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5 mara 40 au zaidi, hiyo ni pumzi ya haraka. Akiwa anakohoa, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Tazama pia sehemu ya chini ya kifua. Mbavu za mtoto ni laini. Pafu likiwa gumu na kiwambo kikivuta kwa nguvu, kifua hubonyea ndani badala ya kutanuka. Akishindwa kunyonya au kunywa, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, usingoje hata kuhesabu.

Kwa kuhesabu, mfunue nguo, shika simu yenye saa, umalize dakika nzima, kwa sababu pumzi za mtoto haziendi sawa: mara zinakimbia, mara zinatulia, na nusu dakika ukiizidisha kwa 2 itakudanganya. Akilia, subiri anyamaze. Kilio nacho ni pumzi, kitaivuruga hesabu.