Magamba ya bahari ya kale na thamani ya kazi ya fundi

Kaniha, wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, ipo jirani na utajiri mkubwa wa miamba. Dhahabu ya Tulawaka ilianza kuzalishwa 2005. Kabanga, wilayani Ngara, kuna nikeli iliyoingia katika miamba yapata miaka bilioni 1.4 iliyopita. Lakini mchimbaji wa huku asitegemee kukuta magamba ya amonaiti. Miamba ya eneo hili ilikuwa kongwe tayari pale magamba hayo yalipotokea baharini.

Amonaiti ni jamaa wa pweza na ngisi, ila aliishi ndani ya gamba lililojiviringisha na kugawanyika vyumba vyumba. Alitoweka miaka milioni 66 iliyopita, wakati mmoja na dinosaria wakubwa. Leo gamba lake ni bidhaa.

Madagascar ndiyo jirani anayeijua biashara hii. Katika bonde la Mahajanga huchimbwa amonaiti wa takriban miaka milioni 110. Fundi hulipasua gamba katikati kwa msumeno wa almasi, kisha huling'arisha kwa msasa unaozidi kuwa laini. Ndani hutokea vyumba vilivyojaa kalsaiti, rangi ya asali hadi kahawia. Nusu hizo mbili huuzwa pamoja, kwa kuwa mnunuzi hutaka zilingane. Gamba lililokatwa kombo huharibu jozi nzima.

Morocco imefika mbali zaidi. Karakana za Erfoud hukata mawe yenye visukuku vya bahari ya kale na kuyageuza meza, masinki na mapambo ya ukutani. Huko Kanada, katika jimbo la Alberta, safu ya rangi kwenye gamba la amonaiti hutengenezwa kito kiitwacho amolaiti, kilichotambuliwa kimataifa 1981. Safu hiyo ni nyembamba na hubanduka upesi, hivyo mafundi huifunika kwa kwatzi au spineli kabla ya kuipachika kwenye pete. Maonyesho ya Tucson, Marekani, hukusanya wauzaji wa bidhaa hizi kila mwaka.

Tanzania nayo ina amonaiti, ila wako kusini-mashariki, Lindi na Kilwa. Msafara wa Wajerumani wa 1909 hadi 1913 ulipeleka Berlin mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, mkoani Lindi. Magamba ya amonaiti ya eneo hilo yalielezwa kitaalamu 1914. Faida yake kubwa imekuwa kusoma umri wa miamba. Tabaka lenye amonaiti wa aina fulani humwambia mjiolojia liliwekwa lini, maarifa yanayosaidia katika ukanda ambao gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974. Kwenye visima vyenyewe kekee husaga magamba, kwa hiyo wataalamu hutegemea visukuku vidogo vinavyoonekana kwa hadubini.

Hapa ndipo Kagera na Lindi zinapokutana. Mwaka 2017 serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi ili thamani iongezwe nyumbani, na mradi wa Kabanga ulipangwa uwe na kiwanda cha kusafishia Kahama. Gamba linahitaji mpango uleule. Kituo cha Jemolojia, Arusha, hufundisha ukataji wa vito, na mafunzo ya kupasua na kung'arisha visukuku yangeweza kuanzia hapo. Kazi ya kwanza, hata hivyo, ni ya mjiolojia: aandike kila gamba limetoka tabaka gani kabla halijang'olewa, na vielelezo adimu vibaki Makumbusho ya Taifa. Yale ya kawaida, yanayopatikana kwa wingi, ndiyo yapewe fundi.