Nahau za Kiingereza na Mwanafunzi wa Simiyu

Mwanafunzi wa Shishiyu, katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012 na ambao makao yake makuu ni Bariadi, aghalabu huanza na Kisukuma nyumbani, husoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo nahau zake humtatiza hata anapoyafahamu maneno yote. Nahau ni fungu la maneno lililozoeleka, ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana ya kila neno.

Kwa mfano, "spill the beans", ambayo neno kwa neno ni kumwaga maharage, humaanisha kutoboa siri, na msemaji wa Kiswahili huikaribia anapoonya kwamba mtama usimwagwe penye kuku wengi. "Kick the bucket", yaani kupiga teke ndoo, humaanisha kufa, lakini kwa kuwa ina mzaha, haifai katika salamu za rambirambi, kama ambavyo "kukata kamba" haiwezi kushika nafasi ya "kuaga dunia".

Vilevile, kitenzi cha nahau hubadilika kufuata wakati, ilhali maneno mengine hayabadilishwi ovyo, kwani mwanafunzi akimwaga mbaazi badala ya maharage, nahau huvunjika. Kwa hiyo, mwanafunzi na aijifunze kila nahau ndani ya sentensi nzima, akiandika maana yake, mazingira yake na nahau ya Kiswahili inayoikaribia.